Tulichoka kukutana misibani: Jumapili za ukoo wetu hapa Dar

Mama wa Tabata

Wakuu, habari za jioni. Leo watoto wamelala mapema, nimepata nafasi ya kuandika jambo lililokaa moyoni mwangu muda mrefu.

Sisi kwetu ni Kilwa Kivinje. Bibi mzaa baba alikuja Dar kuwafuata wanawe, na sasa uzao wake umetapakaa mji mzima. Baba mdogo yuko Mbagala, ndiye anayekaa na bibi. Shangazi yuko Kigamboni, kaka yangu Tegeta, mdogo wangu Kimara, mabinamu Gongo la Mboto, mimi Tabata. Mji ni mmoja, lakini jaribu kutoka Tegeta kwenda Mbagala na watoto wawili na mfuko wa nguo, ubadilishe gari njiani, ndipo utajua kwa nini ndugu wanaishia kusalimiana kwenye simu. Tulikuwa tunakutana misibani na kwenye harusi. Na harusini huonani na mtu: mnapungiana mkono ukumbini, muziki unapiga, mnaondoka.

Kilichonishtua ni arobaini ya babu yetu mmoja. Binti yangu wa darasa la nne amekaa mkekani, akaingia mtoto wa binamu yangu ambaye naye amehamia Tabata. Wakatazamana. Binti akaninong'oneza, "Mama, huyu tunasoma naye." Darasa moja, tangu la kwanza! Vitukuu vya bibi mmoja wamekaa chumba kimoja miaka yote hiyo, kila mmoja anamjua mwenzake kama mtoto wa watu. Bibi alipoambiwa alinyamaza, kisha akasema, "Na siku wangegombana, nani angewaambia kuwa wanampiga ndugu yao?" Sikulala vizuri usiku ule.

Tukaanza, na tulianza vibaya. Tulikubaliana kwenda kula pamoja sehemu moja ya ufukweni, watu wazima kumi na nane na watoto kama ishirini. Chakula kilichukua karibu saa mbili kufika. Watoto walikwishajaza matumbo soda. Muziki ulikuwa juu hata bibi hasikii anayemwamkia. Bili ilipoletwa kaka akalipa sehemu kubwa, wengine tukachangachanga, na binamu yangu mmoja ambaye hakuwa na kazi wakati ule akabaki ameinamisha kichwa mpaka tunaagana. Mwezi uliofuata hakuja, wala mkewe, wala watoto. Nilimfuata kwake na hakunificha. Pale nikaelewa kwamba mtoko wa ukoo ukipimwa kwa mfuko wa mwenye nacho, asiye nacho anajitoa kimyakimya, na mkishakuwa pungufu hamwezi tena kujiita ukoo mzima.

Tukarudi majumbani. Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa zamu. Mwenyeji anatoa mahali, maji, mkaa na wali. Kila nyumba nyingine inakuja na chungu kimoja cha mboga, kile inachokiweza: maharage ya nazi, kisamvu, mbaazi, bamia, mchicha, hata dagaa. Wifi yangu ambaye kwao ni Machame huja na machalari ya ndizi na nyama, na siku za baridi mtori, ile supu ya ndizi, na bibi siku hizi anamuulizia hata kabla hajauliza wajukuu.

Samaki ni kazi ya wanaume. Baba mdogo, kaka na mume wangu wanakutana Feri asubuhi na mapema, mnadani. Baba mdogo ana jicho: anafunua shavu la samaki atazame wekundu, anabonyeza nyama kwa kidole, jicho likiwa na ukungu anapita. Changu wakiwepo anachukua changu, wakipanda bei anachukua vibua na hasikitiki. Wanawapaisha palepale kwa vijana wa kupaa, na saa tatu samaki wamefika wamekwishatiwa chumvi na ndimu, na jiko la kuchomea ni lao mpaka mwisho. Zamani mume wangu hakuwa na la kuongea na baba mdogo zaidi ya shikamoo. Mwendo wa asubuhi ile na ndoo ya samaki katikati yao umefanya kazi ambayo mimi nisingeiweza.

Nazi ndiyo shule ya bibi. Mbuzi mbili za kukunia zinawekwa uani, watoto wanapokezana kukuna, wa kike na wa kiume, yeyote aliyefika miaka kumi. Anawaonyesha tui la kwanza linavyokamuliwa na kuwekwa kando, la pili na la tatu ndilo la kuchemshia, lile zito linaingia mwisho na unakoroga bila kuacha lisikatike. Nyumbani kwangu natumia tui la pakiti, sikatai, kazi ni nyingi. Lakini mwanangu wa kiume sasa anajua ladha ya tui lililokunwa, na aliniambia mwenyewe kwamba la pakiti "limelala". Neno hilo kalitoa kwa bibi.

Tunakula chini, kwenye mikeka. Watoto sinia moja wanne wanne, na hatuwapangi kwa nyumba zao, tunawachanganya makusudi. Kabla ya kula kila mtoto anaamkia wazee wote, na bibi anaweza kumshika mkono yeyote amuulize: wewe mtoto wa nani, baba yako mtoto wa nani? Mwanzoni waliishia kwa baba zao. Sasa wanafika hadi Kivinje.

Mara moja moja tunatoka. Mtoko uliotugusa kuliko yote haukuwa wa ufukweni. Tulimpeleka bibi Makumbusho ya Taifa pale Posta, Mtaa wa Shaaban Robert. Watoto walikimbilia habari za Zinjanthropus, lile fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Bibi alikuwa anatembea taratibu, akasimama kwenye vitu vya Kilwa: vipande vya vyombo vya Kichina, shanga, sarafu za shaba. Akauliza, "Hivi ni vya Kisiwani?" Nikamsomea maandishi. Akaanza kusimulia, sauti ya kawaida tu, alivyovuka utotoni kutoka Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, akaona kuta za msikiti mkuu na kuba zake, na wakubwa wakiwakataza watoto kukimbia mle ndani kwa heshima ya waliosali hapo karne na karne. Magofu yale UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, lakini wajukuu zake walikuwa hawajasikia hata jina. Watu wengine waliokuwa wakitembelea mle wakasogea kumsikiliza. Kaka yangu, mtu mzima na ndevu zake, alitoka nje akafuta macho.

Gharama: kila nyumba inatuma 15,000 kwa shangazi kwa simu. Hizo ni za samaki, na zinazobaki zinangoja mtoko. Asiye nazo hatumi. Shangazi hasomi majina, haandiki kwenye kundi la WhatsApp nani katoa na nani hajatoa. Yule binamu yangu alirudi kwa mlango huo.

Naomba na nyinyi mwandike. Ukoo wenu unafanyaje hapa mjini? Nataka kujifunza.

Mzee wa Temeke

Mwanangu, umenikumbusha wazazi wangu. Hilo la kuwachanganya watoto kwenye sinia, shikeni sana. Mtoto aliyegombea mnofu na mwenzake sinia moja hamsahau.

Mimi nichangie upande wa bahari, maana nimeona watu wengi wa bara wakija na familia wakati si wake. Tazameni mwezi kabla ya kupanga. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: kwa pwani yetu hii maji yanakupwa sana kwenye saa nne asubuhi, yanajaa sana kwenye saa kumi alasiri. Ukifika Coco Beach saa tisa siku ya bamvua na mikeka yako na sufuria, mchanga unaupata mwembamba na kila dakika unahama. Nendeni asubuhi, watoto wacheze kwenye vidimbwi na kuokota kauri, mle mapema, muondoke maji yakiwa yanarudi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayajai sana wala hayakupwi sana, siku hizo hata mchana unakaa kwa raha.

Na jambo la pili nalisema kwa uzito. Ukoo ukiwa mkubwa kila mtu anadhani mtoto anatazamwa na mwingine. Hapo ndipo maji yanapochukua watoto. Sisi kila mtu mzima anapewa watoto wawili kwa majina, akienda kuswali anamkabidhi mtu, kwa mdomo, na aliyekabidhiwa anaitika. Tuliwahi kumkosa mtoto kwa robo saa. Alikuwa kwa muuza mihogo, salama, lakini robo saa ile naikumbuka mpaka leo.

Mama wa Tabata

Shikamoo mzee. Hili la kukabidhiana kwa mdomo naliingiza kwenye utaratibu wetu leo hii. Tulikuwa tunasema tu "jamani tazameni watoto". Asante sana.

Dada wa Ubungo

Dada, nimesoma na nimependa, lakini niruhusu nikuulize jambo ambalo mabinti wa ukoo huwa hamlioni. Mimi nimeolewa kwenye ukoo unaopenda kukutana. Miaka sita Jumapili zangu ziliishia jikoni kwa mama mkwe. Nafika saa mbili asubuhi, namenya vitunguu, naosha sufuria za shughuli, nakula nimesimama, narudi nyumbani usiku, Jumatatu kazini. Mawifi zangu wamekaa mkekani wanacheka na ndugu zao waliowamisi, nami nafurahi kwa ajili yao, kweli kabisa, ila mimi sikumbuki kukaa. Watoto wangu wanasema "Jumapili nzuri kwa bibi", na mimi nakumbuka harufu ya mkaa na mgongo. Sasa nyie mawifi zenu wanasemaje?

Mama wa Tabata

Wifi yangu, nakuita hivyo kwa heshima, umegusa penyewe na nitajibu bila kuficha.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa hivyohivyo kwetu. Tulisema "tunapika wote", na wote maana yake ikawa wake wa kaka zangu na wa mabinamu. Sikuona. Aliyeniambia ni yule wifi wa Machame. Aliniita chumbani akasema, taratibu, kwamba kwao anaambiwa ameolewa na watu wa pwani wakarimu, na yeye bado hajala nao chakula kimoja akiwa amekaa. Niliona aibu mno.

Ndiyo sababu ya kile chungu kimoja kutoka kila nyumba. Chakula kikiwa kimekwishaiva huko kinakotoka, jikoni kwa mwenyeji hakuna kazi ya siku nzima. Wali unapikwa na wenye nyumba wenyewe, mume na mke. Vyombo vinaoshwa na wanaume na vijana wa kiume, wakiongozwa na baba mdogo. Shangazi mmoja mkubwa alipinga mwanzoni, akasema wanaume wa Kivinje hawaoshi sufuria mbele ya wakwe. Bibi ndiye aliyekata shauri. Alisema marehemu babu alikuwa baharia wa jahazi na jahazini hakuna mke, nani alikuwa anaosha? Tangu siku hiyo hakuna aliyerudia.

Na nimeamua jambo langu mwenyewe: wifi akiingia tu, mimi ndiye ninayeinuka kumpokea chungu na mtoto, na anakaa kwanza, anakunywa maji kwanza. Si jambo kubwa. Lakini aliniambia juzi kwamba hilo ndilo analolingoja.

Dada wa Ubungo

Nimelia kidogo hapo kwenye kukaa kwanza na kunywa maji. Nitamwonyesha mume wangu uzi huu.

Kijana wa Goba

Naunga mkono, ila kwetu haiwezekani. Baba zangu watatu hawaelewani juu ya kiwanja cha marehemu babu. Wakikaa pamoja dakika kumi mazungumzo yanahamia huko na watu wanasimama. Sisi mabinamu tunapendana. Tufanye nini?

Shangazi wa Kinondoni

Mwanangu, kiwanja kina siku yake na chakula kina siku yake. Kwetu pia kulikuwa na mgogoro, wa shamba. Tulitenga kikao cha mirathi siku ya kazi, jioni, na mtu wa kuandika, na wakubwa tu. Jumapili ya kula ikawa marufuku kulitaja. Aliyelitaja alikuwa anaombwa kwenda kununua barafu. Anaondoka, anatembea, anarudi na barafu amepoa.

Hivyohivyo kwa madeni, na kwa yale maswali ya "utaolewa lini" na "mbona hamjapata mtoto". Nina mpwa wangu aliacha kuja miaka miwili kwa sababu ya swali hilo moja, na wauliza swali walikuwa wanampenda. Sasa anaulizwa habari za kazi yake na anajibu mpaka giza linaingia.

Nyie vijana anzeni wenyewe bila kuwangoja baba zenu. Mabinamu wanne, kuku wawili, basi. Waalikeni wazee mmoja mmoja, leo huyu, mwezi ujao yule. Mzee akimkuta mjukuu wa ndugu yake amemwandalia maji ya kunawa, ulimi unakuwa mzito kutaja kiwanja.

Kijana wa Goba

Asante sana shangazi. Mabinamu wanne tupo. Nitawapigia leo.

Wa Dodoma

Mimi nilihamishiwa Dodoma kikazi, ukoo wote uko Dar. Zamani basi lilikuwa linakula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, kwa hiyo wikiendi ilikuwa haitoshi, nikawa mgeni wa sikukuu tu. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 natoka Ijumaa jioni, nalala kwa dada yangu, Jumapili alasiri narudi. Zabibu za Dodoma ndiyo chungu changu, maana siwezi kubeba mchuzi kwenye treni. Watoto wa dada wanazingoja mlangoni.

Ninachotaka kuongeza: aliye mbali msimpigie simu ya video wakati wa kula ili "ajione yupo". Nilikuwa napigiwa kabla sijaanza kuja, simu inapita mkono kwa mkono, kila mtu anasema "umepungua" na kumpisha mwingine. Nilikuwa nikikata naumia. Mpigieni baadaye, mtu mmoja, aliyekaa kando, amsimulie kilichotokea. Bibi yangu alinifanyia hivyo mara moja, akanisimulia hata nani aliunguza wali. Nikakata tiketi wiki iliyofuata.

Jirani wa Mbezi

Mimi kwetu ni Kigoma, hapa Dar sina ndugu hata mmoja. Nasoma tu na kuwaonea wivu mzuri. Jumapili nakaa na mke na mtoto, tunatembea hadi barabarani, tunanunua mahindi ya kuchoma, tunarudi.

Mama wa Tabata

Jirani, nisikilize. Mkekani kwetu wapo wawili ambao si damu: jirani yetu wa Mbagala na mwanawe, waliomsaidia bibi alipoanguka uani mwaka juzi. Bibi anamwita jirani huyo "mwanangu", na mtoto wake anahesabiwa mjukuu hadi kwenye kugawiwa mnofu. Tafuta nyumba moja tu jirani yako, pelekeni chungu Jumapili hii. Kigoma mna migebuka, mna mawese. Hapa Dar wengine hawajawahi kula mboga za mawese zilizopikwa na mtu wa kwao.

Jirani wa Mbezi

Mke wangu amesoma ujumbe wako akaenda kutazama kama mawese yamebaki. Yapo nusu chupa.

Mzee wa Temeke

Mama wa Tabata, Jumapili hii zamu ni ya nani? Mmepanga nini?

Mama wa Tabata

Ni ya shangazi, Kigamboni. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2016 wenye magari wa ukoo wanapita huko, lakini watoto wamekataa kabisa, wote wanataka pantoni. Kwao pantoni ndiyo mtoko wenyewe: upepo, honi, meli kubwa zinazoingia bandarini zikipita karibu. Bibi naye anataka pantoni. Atakaa kiti cha ndani, na wajukuu wawili wamekwishakabidhiwa kumshika, kwa mdomo, wakaitika.

Nimetazama mwezi kama ulivyotufundisha. Utakuwa mpevu, kwa hiyo maji yatakupwa saa nne. Wanaume watakuwa Feri alfajiri, wakimaliza kupaisha samaki wanatungoja palepale Magogoni, tunavuka wote kwenye saa mbili na nusu, na kabla ya saa tisa tunakuwa tumekwishatoka ufukweni tumerudi uani kwa shangazi. Wale wawili wa darasa moja wameomba wakae sinia moja. Tumekataa, wanaonana kila siku shuleni. Wametengwa mmoja kwa wa Tegeta na mwingine kwa wa Gongo la Mboto.

Chungu changu mwezi huu ni mbaazi. Nimezilowesha tayari.